Mzee Mmoja Ananitegemea

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Baba mdogo anakukanda? Mimi ni mzima wa kutembea tu, moyo ndio umelala kitandani.

Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Juzi nilitoka kununua mafuta ya nywele, kurudi nakuta kitanda kimetandikwa na fimbo yako haipo. Jirani akaniambia mdogo wako alikuja na gari kukuchukua. Baba, hata kwaheri? Kama kuna nililokosa, niambie. Tangu kiharusi kikupate nimekufulia, nimekulisha, sijanung'unika. Watu watasema nimekufukuza.

Mwanao

15 Machi

Mama,

Marahaba. Mguu bado unaburutwa. Mdomo umepata nafuu. Baba yako mdogo anasema sasa natukana vizuri. Nivumilie kwa mwandiko, mkono wa kushoto ndio kwanza umeanza shule.

Unauliza ulilokosa. Unalijua. Chumba changu na saluni yako vimetenganishwa na pazia, na pazia halizibi masikio. Siku ile nilishindwa kufika chooni. Yule mwalimu mkuu alikuwa kwenye kiti unamsuka, harufu ikamfikia, akauliza, "Huko ndani kuna nani?" Ukamjibu, "Ni mzee mmoja tu, ananitegemea."

Nimekaa na baba yako mdogo tukilipekua neno hilo. Nikasema labda ungesema nakuegemea. Akasema hapana, kuegemea ni kwa ukuta. Akajaribu kujishikiza, nikamwambia mimi si kifungo cha shati. Tulicheka mpaka nikapaliwa. Lakini kutegemea si tusi, mwanangu. Miaka yote nilipokuwa naezeka mapaa ya watu, chini palikuwa na mtu ameshika ngazi. Nilimtegemea kwa uhai wangu, na sikuona haya. Kilichoniuma si kukutegemea. Kilichoniuma ni "mzee mmoja".

Ni hayo tu. Wasalimie wateja wako.

Baba

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikashindwa kumaliza kichwa cha mteja.

Ni kweli, nilijua. Nilitumaini hukusikia, ndiyo maana nikajifanya mjinga. Nilimwogopa mwalimu mkuu. Ndiye aliyeniletea walimu wenzake wote, nikaona akijua aliyejikojolea ni baba yangu, basi na mimi nimelowa mbele yake. Nilikuonea aibu, Baba. Naandika hili nimeinamisha uso kana kwamba umeketi hapa.

Jumamosi alirudi kusukwa. Nikamwambia, "Mwalimu, yule mzee wa siku ile ni baba yangu mzazi."

Akanitazama kwenye kioo. "Nilijua," akasema. "Niliwahi kumwona akielekea uani. Mna paji la uso moja. Nilikuuliza ili unitambulishe, nimwamkie."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimesimama nyuma ya kiti, kioo kizima mbele yangu, sina pa kuupeleka uso.

Chumba chako nimekiacha kama kilivyo. Nakusubiri.

Mwanao

20 Mei

Mama,

Marahaba, na usiniulize hali, utaisoma humu.

Nimechelewa kujibu. Usiulaumu mkono, ulaumu kiburi. Kila gari lilipopunguza mwendo hapa nje nilijiweka sawa kitini. Nilipoondoka bila kukuaga nilitegemea utanifuata. Ona neno lilivyo, kumbe ni kungoja pia. Wewe unategemea nitarudi, mimi nategemea utakuja, na katikati barabara imekaa tupu.

Sasa nikwambie lililonishinda kusema. Baba yako mdogo mgongo wake si wa kubeba mtu. Wiki iliyopita alikuwa ananiogesha, akateleza, tukaanguka wote. Mkewe akapiga kelele, majirani wakajaa bafuni, mimi niko sakafuni nilivyozaliwa, povu mpaka masikioni. Kijana mmoja akanifunika taulo akauliza, "Mzee, wewe ni nani wa mwenye nyumba?"

Nikamjibu, "Mimi mgeni tu."

Ndugu yangu alikuwa amelala ubavuni mwangu. Alisikia. Usiku huo alinilisha kama kawaida, akanifuta mdomo, hakunitazama.

Nimemwomba radhi, akasema yameisha. Hayajaisha, namwona. Basi mimi sina tena kiti cha hakimu cha kukukalia wewe. Sikujua kama kumkana wa kwako kunatoka kwa wepesi hivyo, kama kupiga chafya.

Njoo unichukue. Sijawahi kumwandikia mtoto maneno hayo.

Baba

24 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na dereva wa basi sasa hivi. Anageuza gari jioni hii, nampa hii aje nayo. Mimi nitapanda la asubuhi.

Nimefunga saluni. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye kiti, nywele nusu, nikamwambia nakwenda kumchukua baba yangu. Amejifunga kitambaa akaenda zake, akasema nusu iliyobaki itangoja.

Naogopa kukutazama usoni. Nitakuja hivyohivyo na aibu yangu, maana sina pa kuiacha.

Mwambie baba mdogo asikuogeshe kesho, aupumzishe mgongo. Nitakuogesha nikifika.

Mwanao