Fremu Iliyokuwa Laini Kupita Kiasi

Jumamosi

Baiskeli yangu sitaki hata kuiona. Na asubuhi nilikuwa naimba!

Nilijaribu fremu ya baiskeli ya kushukia mlima aliyonichomelea Mzee Kamau, fundi wa pale Huruma, na springi ya boda boda nyuma. Mawe yote yale ya mteremko, na mgongo haukusikia kitu. Nikampigia simu papo hapo: "Mzee, ni laini kama godoro. Mpe Chebet yake pia." Chebet ni dada yangu. Yake, iliyochomelewa vile vile, imefika mchana, na kesho anashuka nayo mteremko ule ule.

Jioni, nikiosha baiskeli, nikaangalia kile kipande cha raba nilichofunga kwenye springi ili kinionyeshe imebonyea kiasi gani. Hakijasonga hata kidogo. Springi imezoea abiria na mitungi ya maziwa. Mimi ni mwepesi kwake.

Sasa ni nini kilikuwa kinabonyea chini yangu?

Nikafuta matope. Bomba la nyuma la fremu limepasuka karibu lote. Ule ulaini niliousifu ulikuwa ni fremu inavunjika.

Nimeng'oa gurudumu la baiskeli ya Chebet, nikalificha chini ya kitanda changu.

"Si ulisema iko poa?" amenifokea, na amenuna.

Wacha anune.