Barua Zisizopanda Gari

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi amebandika tangazo mlangoni mwa posta. Kalibandika mwenyewe, akalipapasa kwa kiganja ili pembe zisibenuke, kama vile ni tangazo la kawaida tu. Posta yetu inafikiriwa kufungwa. Barua zimekuwa chache mno. Watapima kwa wiki mbili, kisha mkaguzi atakuja na uamuzi.

Nimeandika "posta yetu". Ni yetu kweli. Tunaishi nyuma ya kaunta — vyumba viwili na jiko — na kati ya kitanda changu na kazi ya shangazi pana ukuta wa mbao nyembamba. Kila mhuri unapogonga nausikia. Nimekulia kwenye mlio huo. Lakini nyumba ni ya kazi. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda.

Nilimuuliza tutahamia wapi. Akasema tangazo limeshabandikwa, chakula kinapoa, nile.

Sikula sana.

Jumatano, 5 Machi

Nilitumwa mkate, nimerudi katibu wa kamati!

Ilikuwa hivi. Mama Mkate, mwenye tanuri, alikuwa amewakusanya watu nyuma ya duka lake, wamekalia magunia ya unga. Kinyozi, ambaye kila mtu anamwita Spika kwa sababu hanyamazi hata wembe ukiwa shingoni mwa mteja. Fundi cherehani. Muuza nyama. Nesi mstaafu, ambaye dawa zake za macho hutumwa na mwanawe kwa posta. Wanataka kuipigania. Wakahitaji mtu aliyemaliza shule juzi, mwenye mwandiko unaosomeka. Wote wakanigeukia, mimi na mkate wangu kwapani.

Nilitaka kukataa. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Spika akasema kimya cha binti ni ndiyo. Mama Mkate akamwambia huo ni msemo wa vinyozi, lakini jina langu alikuwa ameshaliandika.

"Redio," Spika akaniambia — ananiita hivyo kwa sababu sisemi — "sasa utatutangazia."

Tatizo ni shangazi. Jana tu alinionya: yeye ni mtumishi, haruhusiwi kushika upande, wala mtu wa nyumba yake. "Usinitie matatani, mwanangu." Alisema mara moja. Shangazi harudii maneno.

Mkate ulifika nyumbani umebonyea.

Jumamosi, 8 Machi



Spika amepata wazo. Kwa kuwa wanatuhesabia barua, basi tuandikiane barua! Kila mtu amwandikie mwenzake, wiki nzima, mpaka wachoke kuhesabu. Watu walicheka, lakini jioni duka la mikate lilikuwa limejaa kuliko siku ya sikukuu. Wengi hawajawahi kuandika bahasha. Wanauliza anwani inakaa upande gani, stempu inalambwa wapi. Kwa hiyo bahasha zote naandika mimi. Wao wanaandika barua, wanafunga, wananipa, nami naandika jina na namba ya sanduku. Sihitaji kusema kitu. Kazi nzuri kwangu.

Kilichonishangaza: muuza nyama kaja na barua ya kwenda kwa fundi cherehani. Hawa wawili hawasemezani tangu ile suti ya harusi. Muuza nyama anadai fundi alikula kitambaa. Fundi anadai muuza nyama ndiye aliyekula, tena kilo kadhaa. Nikaandika bahasha kimya kimya, naye akasimama kunitazama kama ninayeshona jeraha.

Spika kajiandikia mwenyewe. Mama Mkate alipomuuliza sababu, akasema hajapata bado mtu mwingine anayemwelewa.

Jumatatu, 10 Machi

Stempu zimekwisha kabla ya adhuhuri! Shangazi kaagiza nyingine kituo kikuu. Nilikuwa jikoni, namsikia kupitia ukutani. Gonga, gonga, gonga. Mhuri haukupumzika. Nilihesabu mpaka nikapotea.

Watu wanatia mafuta kwenye kufuli za masanduku yao. Wengine walikuwa wamepoteza funguo kitambo, wanamwomba shangazi awafungulie kwa nyuma.

Wakati wa chakula alikuwa na bahasha moja mkononi, anaigeuza. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, pale pale kwenye kaunta, kwa kalamu za wateja zilizokauka wino. Herufi zangu zote ni watoto wa herufi zake. G yangu ina mkia uliojikunja kama yake.

Aliiweka mfukoni, akarudi kazini. Hakuniuliza lolote. Angeuliza ningepumua.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nilikuwa na furaha, nataka niikumbuke. Fundi kafungua sanduku lake mbele za watu. Muuza nyama alimwandikia: suti bado anayo, bado haimtoshi, aje aone mwenyewe. Fundi kacheka mpaka kashika ukuta. Jibu limeshatiwa kwenye tundu la barua, nami najua lilivyo kwa sababu alilisoma kwa sauti kabla ya kufunga: aje na suti, asije na tumbo.

Kisha alasiri.

Gari la posta lilikuja. Shangazi alikuwa anafunga dirisha. Akaniambia, "Nishikie huu mfuko kidogo."

Mfuko wa posta! Ule wa turubai, wenye lakiri. Tangu utoto wangu sijaruhusiwa hata kuuegemea. Nikaushika. Ulikuwa mwepesi kama shuka. Dereva akauchukua kwa vidole viwili, akamuuliza shangazi kama leo pia anasafirisha upepo.

Nikabaki nimesimama. Barua zote zile ziko wapi?

Nikaingia ndani nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Shangazi anatoa barua tunduni, anazigonga mhuri, anazitenga. Za kwenda mbali, kwenye mfuko wa kesho. Za watu wa hapa hapa — hizi zetu, zote! — anageuka tu na kuzisukuma kwenye masanduku yaliyo nyuma yake. Hatua mbili. Hazipandi gari. Na kituo kikuu wanahesabu kinachofika kwenye mfuko. Watahesabu nini kingine? Wao wako kule.

Siku zote hizi tumeandikiana barua ambazo hazijatoka chumbani.

Shangazi alijua. Bila shaka alijua. Kwa nini hakusema? Halafu nikafikiri: hajawahi kunipa mfuko. Kwa nini leo?

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Nilikwenda nimeamua kusema. Nilijizoeza njiani, midomo inatembea, mtoto mmoja akanionyesha kidole.

Spika alianza kwa kusifu hesabu. Wakapiga makofi. Mama Mkate kagawa mandazi ya jana. Kila aliponyamaza mtu nilifungua mdomo, akaanza mwingine.  Muuza nyama na fundi walikuwa wamekaa gunia moja, wanasukumana kama wavulana. Ningewaambiaje hawa?

Kikao kikafungwa. Wakaanza kutoka. Nikaona mgongo wa nesi unaelekea mlangoni, na mgongo haunitazami, basi nikauambia mgongo.

"Haziondoki."

Kageuka. Akauliza ni nini haziondoki. Nikaeleza vibaya, mwisho kwanza, mwanzo mwishoni. Lakini walielewa. 

Spika akakaa chini. Hakuwa na neno. Spika! Nilijisikia kama nimemwua.

Nesi ndiye aliyesema: basi tuandikie mbali. Kila mtu ana ndugu mbali. Siku mbili zimebaki, zinatosha.

Wakauliza nimejuaje mambo ya mfuko. Nikasema nimeona. Nesi akawaambia wasiniulize zaidi. Anajua nalala wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna mwenye anwani!

Wote wana namba za simu. Siku nzima nyuma ya duka ni kelele za kuita ndugu. Sanduku lako namba ngapi? Sanduku gani? La posta! Posta bado ipo? Binti wa fundi alimwambia baba yake atume ujumbe wa simu kama watu wengine. Fundi akamjibu kuwa huo hauna stempu. Kaka wa muuza nyama alitaja namba, akaongeza kuwa ufunguo aliupoteza zamani, hajui kama lile sanduku bado ni lake. Muuza nyama akasema niandike tu.

Nilisita. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba labda litakuwa limefungwa. Hakunisikia, au nilisema moyoni. Nikaandika.

Nesi alisaidia: anayefanya kazi hospitali, tumia sanduku la hospitali. Mwalimu, sanduku la shule. Lakini wengi walitaja namba za kukumbuka, za tangu walipokuwa vijana. Nimeandika zote. Kidole cha kati kimevimba, kina shimo la kalamu.

Ijumaa, 14 Machi

Dereva aliushika mfuko kwa vidole viwili kama kawaida yake, ukamvuta chini. Akashusha mgongo, akaubeba kwa mikono yote, akamuuliza shangazi kama tumeanza kusafirisha mawe.

Shangazi akasema ni barua. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. Lakini alikaa mlangoni mpaka gari likapotea, na aliporudi jikoni alikuwa anaimba kwa pua. Kaweka sukari mara mbili kwenye chai yangu.

 Nilitaka kumwambia yote. Nadhani yeye pia.

Jumatatu, 17 Machi

Shangazi kapigiwa simu. Mkaguzi anakuja kesho, mapema kuliko ilivyosemwa. Hakuambiwa sababu.

Amepiga pasi sare. Kaipiga tena. Amesugua kaunta mpaka inateleza. Nilimwambia labda ni habari njema. Akasema habari njema huja na gari lake la kawaida.

Jumanne, 18 Machi

Yupo. Niko jikoni, naandika ili mikono ifanye kitu.

Ni mtu mpole, anaongea polepole. Kamsalimia shangazi vizuri, kamwita mama. Kisha nikasikia kitu kinawekwa kaunta. Nikachungulia kwenye ufa: furushi la bahasha. Zangu! Zile za Alhamisi. Zimerudi — sanduku limefungwa, sanduku halijulikani, sanduku la mtu mwingine. Anazipanga moja moja kama karata.

Anasema mfuko mmoja tu uliojaa, wiki ya mwisho, na barua nyingi za kwenda kusikojulikana. Anasema zote zimeandikwa na mkono mmoja.

Sasa kaomba shangazi amwandikie kitu. Chochote, tarehe ya leo. Shangazi anaandika, naisikia kalamu. 

Ile g. Anaionyesha ile g.

Anauliza, tena bila ukali, kama shangazi aliandika bahasha hizi mwenyewe ili kuokoa nafasi yake. Anasema akikiri, litakuwa neno dogo kuliko akigunduliwa. Ataacha kazi tu, bila mengine.

Shangazi anajua ni mwandiko wa nani. Aseme tu. Ni neno moja! Aseme "ni wa binti wa kaka yangu".

Hasemi.

Watu wamekuja nje, nasikia viatu barazani. Sauti ya Spika inauliza kama wanaruhusiwa kuingia. Mkaguzi kasema wasubiri. Hawajui bahasha zimerudi. Hawajui anaulizwa nini. Anayejua yote ni mimi, nami niko na sufuria.

Nikitoka, mkaguzi atajua mtu wa nyumba ya shangazi ameshika upande, tena nyuma ya ukuta wake. Nisipotoka, anabeba peke yake. Nimeyapima yote mawili. Yote mazito. Lakini barua zile waliziandika watu wenyewe. Fundi alimwandikia binti yake. Muuza nyama alimwandikia kaka yake kweli, kurasa mbili, nilimwona anafuta uso. Hilo nani atalisema?

Anauliza tena.

Shangazi kajibu.

"Ni mwandiko wangu."

Hapana. Hapana, hapana.

Mkaguzi anafungua mkoba. Nimesimama, naandikia juu ya meza ya jiko. Kati yangu na wao kuna mlango ambao nimeupita maisha yangu yote bila kubisha.

Nimebisha. Nimesema hodi — na imetoka, wameisikia, mpaka nje Spika kanyamaza. Shangazi anasema hakuna mtu huko ndani. Mkaguzi anauliza, nani huyo?

Atataka niandike mbele yake. Kalamu ninayo moja tu, ni hii, nakwenda nayo