Nyimbo za Mama na Kazi ya Janeth

Sumbawanga, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Basil,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini baridi ya Kaengesa haijakushinda na walezi wanakulisha. Sisi wazima, ila mimi nina hasira hata chakula hakipiti.

Huko unovisi, kwenye malezi ya utawa, hamshiki simu, ndiyo maana nampa Sista Silvana anayekuja huko barua hii. Nyimbo za marehemu mama zimeharibiwa. Zote kumi na nne, zile ulizomrekodi tukipura ulezi. Nikibonyeza hazifunguki. Alama zake zimekuwa vikaratasi vyeupe, na kompyuta inaniuliza nizifungue kwa kutumia nini. Nitajuaje mimi?

Ni Janeth, bibi shamba mpya wa kilimo aliyehamia huku kutoka Mbeya. Nilimhurumia, nikamwacha aandikie utafiti wake wa stashahada kwenye kompyuta yetu kila Jumamosi. Juma lililopita alipoondoka nikakuta kila wimbo umeongezewa uchafu mwishoni mwa jina: nukta, halafu mp3. Nikaufuta mmoja mmoja. Kompyuta ikawa inagomba kwa Kiingereza, nami nabonyeza Yes. Tangu hapo nyimbo kimya. Na huyu ndiye aliyecheka jumuiyani kwamba nyimbo za mama ni za pombe, hazifai kanisani!

Niambie kama zinarudi. Zisiporudi, atanitambua.

Dada yako,
Rozina

Kaengesa, 9 Juni 2024

Dada Rozina,

Shikamoo. Mimi mzima, nimepewa zamu ya bustani. Poza hasira, dada, unisikilize.

Janeth hakuharibu kitu. Ule si uchafu. Kila faili lina herufi zake za mwisho baada ya nukta, mafundi tunaziita kiendelezi. Ndizo zinazoiambia kompyuta kwamba huu ni wimbo, hii ni picha, hii ni barua. Zilikuwepo siku zote, zimefichwa tu. Ukibonyeza View pale juu, kuna kisanduku. Ukikitia tiki zinaonekana. Nadhani Janeth alikitia ili atofautishe mafaili yake. Wewe ulipozifuta, kompyuta haikujua tena ifungue kwa programu gani. Ndicho ilichokuwa inakuonya.

Sauti ya mama haijaguswa. Bofya jina kwa kitufe cha kulia, chagua Rename, rudisha .mp3 mwishoni. Fanya hivyo kwa zote.

Nakusihi, usimguse Janeth.

Mdogo wako,
Basil

Sumbawanga, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Basil,

Marahaba. Pole na bustani. Barua yako ilifika Jumatatu. Mimi nilikuwa nimemmaliza Ijumaa iliyotangulia.

Nilifuta utafiti wake wote. Kurasa sitini na mbili, mwaka mzima wa kuzunguka mashamba ya ulezi mpaka Namanyere. Kisha nikaingia kwenye pipa la taka la kompyuta nikalimwaga. Flash yake ilikufa tangu Pasaka, hakuwa na nakala nyingine, alikuwa ananiamini mimi. Jumamosi alipokuja nikamwambia kompyuta imekula. Akatafuta folda moja moja, akarudia tena kutoka mwanzo. Nilifurahi, Basil, sitakudanganya. Nilimpikia chai ili akae zaidi nimtazame.

Jumatatu nikarudisha zile herufi kwenye wimbo wa kwanza. Mama akakohoa, akaanza kuimba. Nililia hadi jirani akaja kugonga.

Zote zimerudi. Hata hivyo, alizicheka nyimbo za mama. Hilo nalo ulipime.

Dada yako,
Rozina

Kaengesa, 23 Juni 2024

Dada Rozina,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, mimi sijalala vizuri.

Sipimi kitu. Mwite fundi, huenda akaokoa chochote. Halafu mwambie Janeth kwa kinywa chako. Lakini kwanza weka nakala ya nyimbo kwenye flash, mpe Sista Silvana aniletee. Nakujua wewe ukikasirika, lakini yeye simjui atafanya nini.

Mdogo wako,
Basil

Sumbawanga, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Basil,

Marahaba. Afya ipo. Fundi amekuja, ameokoa kurasa tatu za mwanzo, ukurasa wa shukrani ukiwemo. Jina langu limo.

Leo baada ya misa nimemwita Janeth, nimemwambia yote. Hakupiga kelele. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Dada Rozina, na ile chai ukanipikia huku unajua?"

Nikamkalisha kwenye kompyuta, nikamfungulia folda ya mama. Nikamwambia nakala ni hizo tu, fanya utakavyo, sitakuuliza. Flash uliyoniagiza sikuituma. Ningeficha nakala nyingine ningekuwa namchezea mara ya pili, na hasira yake naijua, ni ileile yangu.

Nakuandikia nikiwa jikoni, mlango uko wazi. Anaufungua wimbo, anausikiliza kidogo, anaukata. Kisha nasikia mlio wa karatasi inayokunjwakunjwa. Kompyuta hulia hivyo pipa lake la taka likimwagwa. Hana haraka. Anataka nisikie kila mmoja, nami ningefanya hivyohivyo.

Huu ni wa tisa. Mama ndiyo kwanza anakohoa. Siinuki, Basil.

Dada yako,
Rozina