Gurudumu la Nyuma, Kulia

Jumatatu, 5 Julai 1993

Nimelifuta tena vumbi gari la baba kabla ya kwenda kazini. Kazi bure. Upepo wa Julai hapa Dodoma hauna huruma, jioni litakuwa jekundu tena.

Mnunuzi atalichukua Jumamosi. Mfanyabiashara wa nafaka wa Majengo, kaka Saidi ndiye aliyemtafuta. Saidi anauza mitumba, haoni tabu kuagana na kitu. Siku hizi kila mtu anataka gari la Kijapani lililoshushwa juzi bandarini. Volkswagen ya mgongo wa kobe, nani anaitaka? Kapatikana mmoja.

Baba alipokuwa bwana shamba alinikalisha mbele, miche ya miti mapajani, tukaenda mpaka kijiji cha Busi. Petroli ilikuwa ya foleni. Kila mteremko alizima injini, tukateleza kimya, tunasikia ndege. Nilidhani anafanya hivyo ili nisikie ndege.

Jana mnunuzi alilijaribu. Linamvuta kushoto, kasema. Linyooshwe kwanza.

Jumanne, 6 Julai

Gereji, Majengo. Wamefanya alaimenti, kuyanyoosha magurudumu ya mbele. Bado linavuta. Wamebadilisha nafasi za matairi ya mbele, la kulia kushoto, la kushoto kulia. Bado. Fundi mmoja kasema chasisi ilipinda siku baba alipoingia mtaroni.

Sikupenda kukumbushwa.

Ilikuwa Machi, karibu na nyumbani, Kolo. Hakuumia. Lakini mimi na Saidi tulikaa, tukaamua kwamba macho ya mzee yamechoka na mikono imechoka. Mimi ndiye niliyechukua ufunguo. Mimi, si Saidi. Baba alisema mara moja tu: "Mwanangu, gari lilinivuta." Nilimwambia apumzike.

Jumatano, 7 Julai

Nimeinama kuyatazama matairi ya nyuma. La kushoto zima. La kulia limelika upande wa ndani, limekuwa laini kama sahani. Nje bado lina meno.

Siku nzima ofisini nimechapa barua huku nikiliwaza tairi. Nimekosea anwani mara mbili.

Alhamisi, 8 Julai

Nimeomba ruhusa mchana. Nimemwaga maji kwenye mchanga mkavu nyuma ya nyumba, nikalipitisha gari taratibu, usukani umenyooka. Nikashuka kutazama. Alama za nyuma hazikufuata za mbele. Gari linakwenda mshazari.

Nikachukua uzi na vigingi. Baba alinifundisha kuvuta uzi shambani, mistari ya kupandia miti, nikiwa na miaka tisa. Alikuwa hachoki kurudia. Nikivuta vibaya anang'oa kigingi bila kusema neno, ananirudishia mkononi. Leo nimevuta uzi mmoja kila upande wa gari, nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye ringi, mbele ya ringi na nyuma yake. Nyuma kushoto, sawasawa. Nyuma kulia, tofauti ya milimita kumi na mbili. Gurudumu linatazama nje. Linasukuma mkia kulia, pua inakwenda kushoto.

Kushoto ndiko uliko ule mtaro.

Nimekaa chini pale pale kwenye mchanga.

Ijumaa, 9 Julai

Nimemtafuta fundi Hamisi mwenyewe, mzee wa gereji, baada ya swala. Amelitengeneza gari hili miaka mingi. Nimemwonyesha vipimo vyangu. Akainua gari kwa jeki, akaingia chini, akafuta grisi. Kuna bapa la chuma linaloshika eksili, mhimili wa gurudumu, lina alama ya patasi. Eksili nayo ina alama yake. Zinatakiwa zikutane. Zimepishana upana wa kidole.

Akapitisha kidole juu ya alama zote mbili. Kisha akasema, "Dada, hii niliifungua mimi."

Baba alikuja Februari, sili ya oili ya gurudumu hilo inavuja. Hamisi alibadilisha sili, akarudisha eksili kwa kukisia. Rangi aliyopaka kwenye nati baada ya kukaza haijapasuka hata kidogo. Kwa hiyo si mtaro uliosogeza eksili. Ilikuwa imeshasogea kabla.

Nilitaka kumtukana. Nikakumbuka nani alichukua ufunguo.

Tukalegeza nati, akasukuma eksili mbele kwa mtaimbo, polepole, mpaka alama zikakutana. Akakaza. Nikapima kwa uzi tena. Sawa. Hamisi alikataa hata soda. "Mwambie mzee anisamehe," alisema. Machoni hakunitazama.

Jumamosi, 10 Julai

Mnunuzi amekuja. Nimemwambia haliuzwi. Amekasirika, ana haki.

Saidi amenifokea mbele ya wapangaji wenzangu. Nikamweleza yote, tangu sili mpaka patasi. Akaacha kufoka. Akauliza, "Kwa hiyo mzee alikuwa anasema kweli?" Aliondoka bila kuaga. Nadhani alikuwa analia. Mimi nililia jana.

Jumapili, 11 Julai

Kolo. Nimeendesha mwenyewe tangu alfajiri. Barabara mbovu, lakini gari limenyooka kabisa.

Baba alikuwa uani anachambua maharage. Shikamoo, marahaba. Nimemweleza nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Akauliza gurudumu lipi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hata mimi nilishaanza kuamini ni mikono yangu," alisema.

Nikaomba radhi. Alinishika bega, akaenda kunawa.

Baadaye alitoka na gari peke yake. Hakunialika, nami sikuomba. Amerudi alasiri na kabeji mbili na jirani aliyeomba lifti njiani. Wamekaa uani wanazungumzia mvua ya mwaka jana. Mama anapika.

Kesho narudi Dodoma kwa basi.