Nimemnunulia Nekesa Fimbo ya Kuvua

Baba Nekesa,

Naogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungeniuliza tu, "Sasa ni nini tena?" na mimi ningezunguka na habari za majirani mpaka chai ipoe. Leo sina nguvu za kuzunguka. Mvua imenyesha, silanga ya kwetu Kajiado, lile bwawa la ng'ombe, imejaa maji tena mpaka kwenye ile migunga ya juu, na mtoto wako anataka kuvua samaki. Silanga ile ile. Haki ya Mungu, ile ile iliyokuchukua.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha maziwa hapa Kitengela, saa hii ya mchana wateja wamepungua. Wewe umelala Bungoma kwa watu wako, na nauli ya kuja kukaa kando ya kaburi niongee peke yangu si kitu mtu anapata kila mwezi. Kwa hivyo vumilia mwandiko wangu.

Tangu uondoke, ile silanga ilikauka mpaka chini kukapasuka. Nilifurahi. Usinikasirikie. Ng'ombe wa kaka yangu Sankale walikuwa wanatembea mbali kutafuta maji, kanisani mchungaji anaombea mvua, watu wamefunga macho, na mimi nasema amina kwa mdomo tu. Nikienda kumwona mama yangu, Yeyo, nilikuwa napitia pale makusudi, naangalia lile shimo kavu, nasema moyoni, afadhali. Sasa limejaa, na wale kambare wako sijui walikuwa wamejificha wapi, wamerudi. Wewe ungejua. Ungenieleza mpaka nisinzie.

Nekesa yuko kidato cha tatu. Amekuwa mrefu, ana mabega yako, na nikimgombeza ananiangalia kutoka juu kama askari wa benki. Shule zilipofungwa nilimpeleka kwa Yeyo amsaidie kuchota maji na kazi ya boma. Siku hiyo nampimia mtu maziwa, Sankale akanipigia. Hata salamu hakunipa. "Njoo uchukue mtoto wako, ako ndani ya silanga mpaka magoti." Simu ikaniponyoka ikaingia kwenye ndoo. Wacha watu wa Kitengela wacheke mpaka leo, mimi sikuona ndoo wala simu, niliona viatu vyako vikiwa peke yake pale kwenye matope.

Kumbe alikuwa amekata tawi, akafunga uzi wa gunia, ndoano akatoa kwenye kile kikopo chako cha kahawa. Tawi ni fupi na uzi haufiki mbali, basi anaingia majini aufikishe. Yeyo alikuwa amekaa juu kwenye ukingo analia na kutukana kwa pamoja. Unajua vile yeye huona samaki, kwake huyo ni nyoka wa maji tu, hajawahi kumla na hatamla. Alikuwa anauliza Mungu ni kosa gani alifanya hata akapata mjukuu wa kula nyoka.

Nilimkataza. Nilimkataza kwa maneno, nikamkataza kwa fimbo, nikamkataza kwa kulia. Ana kule kunyamaza kwako, kule kwa kusema ndiyo kwa macho na miguu imeshaondoka. Baada ya wiki alirudi tena, na safari hii maji yalikuwa kiunoni. Nilipomuuliza anatafuta nini kule aliniambia tu, "Baba aliniahidi akirudi atanifundisha." Sasa mimi nifanye nini na maneno kama hayo? Nimfunge kamba kama mbuzi?

Nikawaza, nikawaza. Kama atavua tu, basi avue kutoka mbali. Apate fimbo ya kweli, yenye rili, ile mashine ya kukunja uzi, arushe ndoano kutoka pale juu kwenye nyasi kavu, maji ayaone kwa macho peke yake. Na iwe fimbo iliyo sawa mkononi. Hilo la mwisho ndilo lilinifanya nisilale, kwa sababu ya ile yako.

Unakumbuka ile yako? Uliipata bei ya kutupa, na kila Jumamosi ukirudi unajikanda kiganja. "Hii inainama mbele kama mzee wa kanisa wakati wa mahubiri." Ulisema utabadilisha mwezi ujao. Kila mwezi ulikuwa mwezi ujao, kwanza karo, kwanza kodi ya nyumba. Tukienda dukani unaacha kunisaidia kubeba unga, unaenda kwenye fimbo za kuvua, unaweka kila moja juu ya kidole kimoja, unaiacha ilale, unatabasamu, unairudisha. Askari wa duka anakufuata kwa macho, mimi najifanya sikujui. Aki ya nani, kama ningejua ningeuza hata mtungi wa gesi.

Nilienda Kitengela sokoni na Sankale, kwa yule kijana anayeuza vitu vya mitumba vya ng'ambo, sufuria, magongo ya gofu, viti vya watoto, yote yamerundikwa pamoja. Fimbo za kuvua zilikuwa mbili, zimesimamishwa kwenye pipa pamoja na vyuma vya pazia. Sankale akashika ile nene kabla hata sijasalimia. Akaipima, akaipiga hewani, akasema hiyo ndiyo, ina uzito kichwani, ukimgonga nayo fisi harudi. Ndugu yangu! Alikuwa anachagua rungu. Yule kijana naye akadakia, "Mama, hiyo ni orijino, Kitengela mzima huipati." Na mimi, Baba Nekesa, nilikuwa nimeshafungua pochi. Ilikuwa inang'aa, ilionekana na nguvu, na mtu anayeogopa hununua kitu kinachoonekana na nguvu.

Halafu nikaona kidole chako. Nakwambia kweli, nilikiona, na ile kucha iliyovunjika. Nikamwambia yule kijana aifunge rili yake kwanza, kwa sababu wewe ulikuwa unasema fimbo bila rili ni kama kumpima ng'ombe bila tumbo, hujapima kitu. Nikaweka kidole mbele kidogo ya rili, pale mkono unaposhika. Ile nene ikaenda chini puu! ikagonga sufuria za watu. Nikaona mkono wa Nekesa ukichoka. Nikaona akisimama, akisogea, akibadilisha mkono karibu na maji. Nikairudisha kwenye pipa haraka, kijana anafikiria ninajifanya ili apunguze bei.

Ile nyembamba ilikuwa nyepesi, na bei yake ningeiweza nikikaza mkanda. Nilipitisha pamba kwenye vile vipete vya uzi, kimoja kimoja, haikunasa. Nikakaza maungio, hayakuchezacheza. Lakini kidoleni nayo ilizama mbele, kidogo tu, kama mtu anayetaka kusema kitu na hasemi. Iliyo sawa kabisa iko Nairobi kwenye maduka ya wenye magari, na hiyo hata ningeuza maziwa ya Kajiado yote nisingeifikia. Nikakaa kwenye kiti cha mtoto pale kwenye mitumba nikalia. Watu wananunua sufuria, mimi nalia.

Sankale alichomoa rungu lake kiunoni, lile la nati kubwa ya lori kichwani, unalijua, alilipata akiwa moran na hata kulala analala nalo. Akaligonga kwenye jiwe mpaka nati ikatoka. Akaivalisha kwenye kitako cha fimbo, chini kabisa, nyuma ya mkono, akaizungushia mpira wa tyubu ya pikipiki akakaza kwa meno. "Kama kichwa ni kizito, tia uzito nyuma." Nikaweka kidole. Fimbo ikalala. Ikatulia pale bila kwenda huku wala huku, na mimi na yeye tukaiangalia kama wajinga. Rungu lisilo na nati aliliweka kiunoni hivyo hivyo, na wenzake sokoni Kajiado wamemcheka mpaka amechoka kueleza.

Ilibaki siku yenyewe. Jumamosi iliyopita nilifunga kibanda, nikaenda na Nekesa kwa Yeyo. Pale juu kwenye nyasi kavu, kabla sijampa fimbo, nilimwambia lile jambo ambalo sote wakubwa tulikuwa tumemficha. Kwamba hukuteleza. Mchunga ng'ombe aliyekuwa ng'ambo ya silanga aliona. Samaki alivuta, mkono wako ulikuwa umechoka, fimbo ikakuponyoka, na wewe ukaingia kuifuata. Na Sankale alipokutoa bado ulikuwa umeishika, ilibidi wakufungue vidole. Nilimwambia yote hayo nikiangalia ng'ombe, si yeye. Hakulia. Alichukua fimbo, akaiweka kidoleni, ikalala, akakaa chini.

Alirusha asubuhi nzima bila kubadilisha mkono hata mara moja. Alikaa! Hakusimama, hakusogea, mkono umetulia kama amekaa na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika sweta yake ya shule. Alinikataza, nikakataa. Alipata ngege wawili wadogo, akacheka, na nikasikia mwili wangu ukianza kulegea, nikamwambia Sankale aone, nati yako imefanya kazi. Sankale akajivuna, akaanza kuwaeleza ng'ombe.

Hapo ndipo kambare alipovuta.

Sijui alikuwa mkubwa namna gani. Fimbo ilikunjika mpaka nikafikiri inavunjika, rili ikalia, na Nekesa akasimama. Akasimama, Baba Nekesa, akavutwa hatua, akavutwa nyingine, sweta ikaniponyoka, nyasi zikaisha, akaingia kwenye matope yale yaliyokanyagwa na ng'ombe na mguu wake ukateleza. Niliona mgongo wako. Si wake, wako. Kiswahili chote kilinitoroka, nikapiga kelele kwa lugha ya mama yangu, "Tapala! Tapala!" wacha, iache.

Na akaiacha.

Alifungua mikono yote miwili, hivi, kama mtu anayeomba kanisani. Fimbo ikaruka, ikaingia majini, ikaenda ikikata silanga katikati, kitako kikiinuka na kuzama na ile nati. Sankale alianza kukimbia akipiga kelele hiyo ni bei ya mbuzi, akatia mguu majini, nikamrukia nikamvuta kwa shuka mpaka tukaanguka sote wawili. Yeyo kule juu alikuwa anamshukuru Mungu na kumlaani samaki kwa pumzi moja.

Nekesa alibaki amekaa kwenye matope, amezama mpaka kiunoni mwa sketi, mikono bado wazi. Nilimfikia nikampiga kofi la begani, nikamkumbatia, nikampiga tena, sijui nilianza na lipi. Aliniambia, "Pole Mama. Ilikuwa nzuri." Ananipa pole kwa fimbo! Nilimkuna matope masikioni kama alipokuwa mdogo.

Nimekuandikia haya yote na bado naogopa, usidhani imeisha. Mvua inaendelea, na ataenda tena, najua. Nikiona wingu upande wa Kajiado namwaga maziwa ya watu. Lakini kuna kitu nilichokuwa sijui juu ya mtoto wetu, na sasa nakijua, na kwa hicho nalala kidogo.

Nakuahidi hivi. Nitamnunulia nyingine. Nitapita mitumba yote ya Kitengela na kidole changu, na Sankale ameshaanza kutafuta nati. Nitakaa nyuma yake kila Jumamosi nimeshika sweta, hata akiwa na bwana na watoto. Na ikivutwa hiyo, aiache, nitanunua nyingine, na hiyo ikienda, nyingine tena, mpaka niishiwe.

Kwaheri, baba watoto. Pumzika huko kwenu.

Hata wewe ungeiacha tu. Tungenunua nyingine.

Mama Nekesa