Debe Nyuma ya Banda

Jumatatu, 20 Februari 1995
Nimeosha mabomba mawili ya kupulizia dawa. La tatu limelala, mpira umepasuka, na chama cha msingi cha ushirika, kilichonipa mabomba niyatunze, hakina mwingine wala hakiulizi. Zamani dawa ya pamba ilikuja kwa chama. Siku hizi kila mtu anajinunulia Igoma, kwenye maduka ya watu binafsi, na anakuja kwangu kuazima bomba tu.

Wanachama wanarudisha bomba linanuka, chujio limejaa matope. Nasuuza mimi mara tatu. Maji ya kwanza yana dawa bado. Kanuni inasema yamwagwe shambani siku ileile. Mimi nayaweka kwenye debe nyuma ya banda, yakijaa napulizia pamba yangu. Mama aliniuliza ni nini, nikamwambia ni maji ya kuoshea bomba tu, basi. Niliona aibu kumweleza.

Jumatano, 22 Februari
Debe limepungua. Halivuji, nimeliinua nikaangalia chini.

Ijumaa, 24 Februari
Juzi nilichora mstari wa mkaa ndani ya debe. Leo maji yako chini ya mstari, vidole vitatu. Jua halinywi hivyo, na nimefunika na bati.

Anayepita nyuma ya banda langu ni mmoja, Masanja, jirani. Ndiyo njia yake ya ziwani. Tumelima naye tangu ujana na alinichimbia kaburi la mke wangu. Lakini mwezi uliopita alinusa lile debe akasema, "Kaka, hii bado ina nguvu." Nilicheka. Sasa sicheki. Alinunua chupa moja ya dawa, moja tu, kwa ekari mbili, na bado anasema imebaki. Inabakije?

Jumamosi, 25 Februari
Limepungua tena. Masanja leo alishinda Igoma, nilimwona mwenyewe akiondoka asubuhi. Basi kamtuma mkewe. Ndivyo wanavyofanya watu wakishajua wanaangaliwa.

Siwezi kumshtaki kwenye chama. Wataniuliza debe la nini.

Jumapili, 26 Februari
Nilikaa nyuma yao kanisani. Mkewe aligeuka mara mbili kuniangalia. Ana wasiwasi yule.

Jumatatu, 27 Februari
Masanja amekuja mapema. Funza wameingia kwenye pamba yake, maua yameanza kudondoka, anataka bomba leo. Nikamwambia bomba zuri limeharibika, washa, kile kipete cha mpira cha ndani, imekatika, na lile lingine lina zamu ya mtu. Uongo. Washa ilikuwa mfukoni mwangu, niliichomoa nilipomwona anakuja.

Aliinama akalitazama bomba kwa huruma kabisa. "Pole kaka, kazi unayo. Likipona uniite."

Mwizi mwenye adabu. Nimekasirika zaidi.

Jumatano, 1 Machi
Amekuja tena. Nimemwambia bado. Ameniambia vitumba vya mstari wa mbele vimeanza kutobolewa, mwaka huu pamba isipotoka hana pa kushika. Nikasema pole. Alipoondoka roho iliniuma kidogo, halafu nikaenda kuangalia debe. Limepungua. Roho ikaacha kuuma.

Ijumaa, 3 Machi
Nimejua.

Nilirudi kutoka shambani kabla ya saa nne, kichwa kiliniuma. Mama yuko zizini, kamshika ng'ombe wetu pembe, ana kata na kitambaa. Anamfuta kwenye masikio, chini ya mkia, kwenye chuchu. Kata ilikuwa ya maji ya debe, harufu ile siwezi kuikosea.

Nilimuuliza anafanya nini. Hakushtuka. "Josho limekufa, dawa serikali haileti tena, kupe wanammaliza huyu. Uliniambia ni maji ya kuoshea tu. Nilijaribu, nikaona kupe wanadondoka, nikaendelea."

Karibu wiki mbili. Na maziwa tunakunywa kila jioni, mimi na yeye. Nimemnawisha mikono kwa sabuni mpaka akanigombeza. Maziwa ya leo nimeyamwaga shimoni. Debe nalo nimelimwaga mbali, kwenye pamba. Mama anasema ni mzima.

Washa nimeirudisha kwenye bomba. Nilibeba bomba mpaka kwa Masanja jioni ileile. Nilipofika mvua ikaanza.

Jumatatu, 6 Machi
Mvua siku ya nne. Dawa haishiki kwenye jani lenye maji. Nimesimama mlangoni kutwa.

Alhamisi, 9 Machi
Jua limetoka. Nimempulizia Masanja ekari zote mbili kwa mikono yangu, kwa dawa ya chupa yake mwenyewe. Imebaki kweli. Alikuwa anachanganya kama nilivyomfundisha mimi, kwa kipimo cha kifuniko, bila kumwaga hata tone.

Niliminya kitumba kimoja. Ndani tupu, kinyesi cha funza tu. Nikaminya kingine, na kingine. Nikaacha kuminya, nikapulizia mpaka mwisho wa shamba.

Jumapili, 12 Machi
Masanja anaondoka kesho. Anakwenda Kirumba, soko la Mwaloni, kubeba matenga ya samaki mpaka msimu mwingine. Mkewe na watoto wanabaki.

Nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, kuanzia debe mpaka washa. Alinipa kigoda. Akasema shamba amekubali limekwenda, lakini jambo moja hatalisahau, mwanachama mwenzake kubeba bomba mgongoni kutwa nzima kwa ajili yake, na bomba lenyewe bovu, na yeye mwenyewe hakuomba apuliziwe. Mkewe alikuwa anasikia, akaitikia kwa kichwa.

"Wengine wasingefanya," akasema. "Asante kaka."

Nikamwambia si kitu, tuko pamoja.