Mkebe wa Maziwa Haulali Nje

Wanjiku mjukuu wangu,

Huku Subukia tuko salama. Ng'ombe mweusi amezaa, na goti la nyanya yako sasa linamfikisha kanisani.

Unasema pikipiki za kazini kwenu zinafikisha damu ya wagonjwa kwenye maabara ya Nakuru haraka, lakini majibu yanapotelea njiani kabla ya kurudi zahanati.

Nilipokuwa kijana, mama yangu, yule uliyepewa jina lake, aliugua kifua. Makohozi yake yakapelekwa Nakuru na lori la maziwa. Majibu hayakuja, naye akazidi kukonda. Siku moja dereva akaniambia, "Hiyo karatasi ya majibu ikipitia ofisini itapotea tena. Nitaifunga kwa nailoni niiweke ndani ya mkebe wenu."

Kila mkebe ulikuwa na rangi ya mwenyewe, ulirudi na lori mtupu kila jioni, na haukuwahi kulala kwa jirani. Bila mkebe, kesho maziwa utayapeleka na nini?

Sasa angalia, huko zahanati watu hungoja nini kirudi kila siku? Majibu yaje nacho.

Jioni hiyo mama alifungua mkebe auoshe, akaikuta karatasi. Akaanza dawa. Ndiyo maana ulipozaliwa, alikuwepo wa kukubeba mgongoni.

Guka wako